Gemu ya Biti Ikitua Katoro

PSP, ile konsoli ya mkononi ya Sony, ilishazikwa kitambo. Sony waliacha kuisambaza mwaka 2014, na leo ukiingia duka la simu ukaiulizia, muuzaji atakuangalia kama umetoka porini jana. Ila pita maskani yoyote Katoro, pita stendi ya Kahama, pita kijiwe cha boda Geita mjini, chungulia madogo wameinamia nini kwenye Tecno na Itel zao. Wanapiga gemu ya mpira, PES ya PSP, ndani ya simu. Anayefanya huo uchawi ni PPSSPP, programu aliyoianzisha msela mmoja wa Sweden, Henrik Rydgård, mwaka 2012, inayoifanya simu ijione PSP. Ukishaiweka haikuli bando. Mafaili yanatembea simu kwa simu, na wajanja wameshazivika timu za humo jezi za Simba na Yanga. Kwa hiyo mtu akikwambia huku kwetu hakuna konsoli ya mkononi, mwambie aache kuzingua. Ipo, imevaa kava la simu tu.

Kinachonidatisha ni kitu kimoja. Mlemle kwenye PSP kuna ukoo mzima wa gemu za biti, zile unazocheza kwa kufuata mapigo ya ngoma, ukichelewa kwa kupepesa jicho tu umekwisha. Na sisi wa kuanzia Shinyanga mpaka Geita, kwenye pamba na kwenye dhahabu, ngoma tumeikuta kwa babu. Halafu viganjani tumejaza mpira tupu. Hapa kuna mchongo umelala, na nataka niusanue, ila kwanza tuone wenzetu walivyojikwaa, maana wao wameshalipa ada.

Konami wa Japani waliachia Beatmania mwaka 1997, mwaka uliofuata wakaangusha Dance Dance Revolution: unapanda kwenye jukwaa lenye mishale minne, mshale ukifika juu ya kioo unaukanyaga chini kwa mguu. Jasho linatoka kweli. Mwaka 2001 Namco wakaja na Taiko no Tatsujin, ngoma kubwa ya Kijapani unayoitwanga kwa vijiti. Mwaka 2005 ikatua Guitar Hero, gitaa la plastiki lenye batani tano shingoni. Zote unyama mwingi, na zote mizigo. Zilichongwa kwa ajili ya mwili mzima, miguu na mabega na kiuno. Kisha mabosi wakataka ziingie mfukoni, vituko vikaanza.

Konami waliishusha ile ya kukanyaga mishale kwenye Game Boy Color mwaka 2000. Sasa miguu utaiweka wapi kwenye kidude kinachoenea kiganjani? Jamaa wakatoa kajukwaa ka plastiki ka kubandika juu ya batani, ukawa unadansi kwa vidole. Bingwa wa kukata mauno anaambiwa amalize shughuli kwa kidole cha shahada. Sawa, tucheke kidogo, tusonge.

Kituko chenyewe kikubwa ni Guitar Hero: On Tour, Juni 2008, kwenye Nintendo DS. Studio ya Vicarious Visions ilipewa kazi ngumu kinoma: gitaa liingie kwenye begi la shule. DS ilikuwa na kishimo cha kuchomekea kaseti za zamani za Game Boy Advance, nao wakakitumia hichohicho. Wakatengeneza kifaa chenye batani nne cha kuchomeka pale. Mkono wa kushoto unauingiza kwenye mkanda wake, DS unaifungua kama kitabu, mkono wa kulia unashika kijiti chenye umbo la kile kipande cha kupigia gitaa, unakwangua kioo kama unakwangua nyuzi. Batani tano zikawa nne kwa sababu nafasi haikutosha. Ukiiangalia, kazi safi kabisa. Ukiishika, noma: watu walilalamika mkono unakaza na kuuma baada ya nyimbo chache tu. Na kabla mwaka haujaisha Nintendo wakaachia DSi huko Japani, haina kile kishimo. Kifaa kikabaki yatima. Gemu iliuza, hilo tusiwanyime, na mpaka 2009 ikawa imepata wadogo zake wawili, ila barabara yenyewe ilikuwa imeshafungwa na watu wengine kabisa.

Kwangu mimi, pale walihamisha plastiki, utamu wakauacha nyumbani. Gitaa la sebuleni lilikuwa tamu kwa sababu unasimama, unajipinda, wana wanapiga kelele nyuma yako. Ukiliminya mpaka likaenea kwenye DS, unabaki na usumbufu wa gitaa bila ile amsha amsha.

Harmonix, ndio haohao walioitengeneza Guitar Hero ya kwanza, walikuja kuwa wajanja zaidi kwenye PSP mwaka 2009. Gemu yao ya sebuleni, Rock Band, inataka kundi: mmoja gitaa, mmoja besi, mmoja dramu, mmoja maiki. Kwenye PSP uko peke yako ndani ya basi. Basi kwenye Rock Band Unplugged hawakuongeza dude lolote la kuchomeka. Unapiga kipande cha dramu mpaka kinakaa, dramu inaendelea yenyewe, unaruka fasta kwenye besi, kisha sauti, kisha gitaa, unarudi kabla dramu haijaanguka. Mchezaji anaacha kuwa mpiga gitaa anakuwa mtu wa kuishika bendi nzima isidondoke. Hapo wamekubali kidude ni kidogo, wakauliza udogo wake unafaa kwa lipi.

Nintendo nao wana Rhythm Tengoku ya Game Boy Advance, Agosti 2006, iliyouzwa Japani peke yake. Wazo lilitoka kwa Tsunku, mwanamuziki na prodyuza wa huko, na inasemwa watengenezaji walipelekwa darasa la dansi kwanza ili biti iwaingie mwilini kabla haijaingia kwenye kodi za kompyuta. Humo macho hayana kazi kubwa, unacheza kwa sikio, kioo mara nyingine kinakuzuga makusudi. Na iliyozaliwa mkononi ndiyo baadaye, mwaka 2007, ikapelekwa kwenye mashine kubwa za kumbi za gemu. Safari ikawa kinyume. Nawapa heshima zao.

Ila ile inayonigusa mimi kama mtu wa kanda hii ni Patapon. Ilianzia Japani kwenye PSP mwishoni mwa 2007, wengine tukafunguliwa mlango 2008. Una jeshi la vijitu vyenye jicho moja, weusi tii, na wewe huwagusi. Una ngoma nne tu, kila batani na mlio wake. Unapiga mapigo manne, kila pigo nusu sekunde, kisha unanyamaza. Katika yale manne yanayofuata jeshi linakujibu kwa kuimba huku linatekeleza amri: mpangilio huu wanasonga mbele, ule wanashambulia, mwingine wanajikinga. Ukiingilia wakati wanajibu, umeharibu. Ukiwaacha wajibu, ukapokea palepale bila kupoteza biti, mzuka unapanda, jeshi linapagawa, nguvu inaongezeka.

Sasa niambie, hiyo si bugobogobo?

Kwa asiyejua, na wapo wengi waliozaliwa mjini: bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma. Mwenye shamba anawaita vijana, kikundi kinatua na ngoma zake, na majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja kwa kufuata mapigo. Biti ndiyo inayosimamia kazi. Mpigaji akikaza, mstari mzima unakaza, akilegeza wanapumua. Manju anatupia mstari, kundi linaupokea. Kwenye maonyesho wanayarusha majembe hewani na kuyadaka bila kupotea pigo, na hapo ndipo watalii wanapotoa simu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Frank Gunderson, aliandika kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kikatoka 2010, kina nyimbo zaidi ya 300. Mia tatu, mwanangu. Guitar Hero: On Tour ilipewa nyimbo kama ishirini na ushee ikaenda sokoni.

Patapon wamepata nusu ya jambo, ile ya wito na mwitikio. Nusu ya pili hakuna gemu ya Kijapani wala ya Kimarekani niliyoiona ikiigusa, na hiyo nusu tunayo sisi: Bagalu na Bagika.

Hii stori wazee wanaipiga vizuri kuliko mimi, ila kwa ufupi: karne ya 19 kulikuwa na majamaa wawili, Ngika na Gumha, wote waganga, wote wakali wa ngoma, kila mmoja akijiona ndiye mwenye dawa kali. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na ubishi haujaisha mpaka leo. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, timu mbili zinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hawapokezani zamu. Kila kundi linapiga ngoma yake, linaimba yake, linacheza yake, na watazamaji wako katikati, huru kwenda wanakotaka. Mwisho wa siku, kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Hakuna jaji wa mezani. Kila shabiki ni pointi yenye miguu, na anaweza kuhama muda wowote akiona kule pamechangamka. Ndiyo maana vikundi havichezi kwa nidhamu tu. Wanatoa kituko, wanatoa chatu, wanatunga mstari wa kumchana mpinzani palepale. Ukitaka kuona ladha yake bila kusubiri kijijini kwenu, nenda Bujora pale Kisesa, njia ya kutokea Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement miaka ya 1950. Juni kuna sikukuu ya Bulabo, ngoma zinapigwa mpaka vumbi linasimama.

Sasa pima na gemu za biti tulizozizoea. Kwenye Guitar Hero, na kwenye zile za kugonga vigae vya piano zilizojaa kwenye simu za masista zetu, mashine imeshaandika kila pigo. Kazi yako ni kutii. Ukigusa mahali ambapo haikuandikwa, hata kama umenogesha, unaadhibiwa. Kwetu atakayerudia mstari uleule mara kumi bila kukosea atabaki na mbwa wawili na mtoto anayekula muwa. Watu wameshahama. Bagalu na Bagika wanataka ushike biti halafu uongeze chako juu yake.

Kwa hiyo gemu ninayoitaka mimi iko hivi. Madogo wawili, simu mbili, zimeunganishwa bila bando. Kioo kinaonyesha uwanja mmoja, wewe Bagalu, mwenzio Bagika, na katikati umati wa vijitu. Unapiga wito wa mapigo manne, kundi lako linajibu. Ukikaa kwenye biti, watu wanasogea kwako. Ukirudia wito uleule sana, wanapiga miayo, wanaondoka. Ukibadilisha mpangilio bila kudondosha biti, wanakuja mbio. Na mara moja tu kwa mchezo unaruhusiwa kutoa chatu. Asubuhi kijiweni, boda wawili wanasubiri abiria, gemu ya dakika tatu inatosha kabisa kuharibu urafiki.

Hapo kwenye kutengeneza ndipo wengi watateleza, na kikwazo cha kwanza ni sabufa.

Huku kwetu muziki hausikilizwi kwa simu yenyewe. Simu inaunganishwa na sabufa kwa Bluetooth, geto zima linatetemeka. Kwa kusikiliza nyimbo za Bhudagala, yule mwimbaji wa Kisukuma, ni bata safi. Kwa gemu ya biti ni sumu, kwa sababu sauti ikisafiri kwa Bluetooth huchelewa, na kwenye vifaa vya bei chee kuchelewa milisekunde 200 ni jambo la kawaida. Milisekunde 200 ni moja ya tano ya sekunde, mtu wa kuangalia filamu hata hashtuki sana. Lakini ukipiga hesabu: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa milisekunde 500 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo umepotea karibu nusu pigo. Singeli inayokimbia mapigo 300 kwa dakika ina milisekunde 200 tu kati ya pigo na pigo. Umepitwa na pigo zima! Sabufa inaimba la kwanza wakati gemu imeshafika la pili, halafu unailaumu gemu.

Na singeli lazima iwemo, msiniletee uzee. Wale wa Dar waliokuwa wanachukua ala za taarab wanazikimbiza kwenye Virtual DJ mpaka zinalia kama nyuki, watu wa studio ya Sisso kule Mburahati, walitoka na mkusanyiko wao mwaka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikageuka kuangalia. Ukiweka singeli kama ngazi ya mwisho ya gemu, hata bingwa wa Osaka atarudisha simu mfukoni. Ila kwa mchezaji wa kwanza, mwanzie bugobogobo, taratibu, ya kulimia.

Kwa hiyo mtengenezaji wa huku kitu cha kwanza aweke ni kipimo cha kuchelewa. Mchezaji anagonga kioo kwa kufuata mlio, simu inapima tofauti, inajirekebisha. Gemu nyingi kubwa zinacho, zimekificha kule ndani kwenye mipangilio ambako hakuna anayeingia. Kwetu kiwe mlangoni, kabla hujacheza. Na kama simu imeona imeunganishwa na Bluetooth, iseme waziwazi: chomeka hedifoni za waya, ngosha.

La pili ni kelele. Nenda kwenye mialo ya Nyarugusu au machimbo yoyote ya wachimbaji wadogo, karasha linasaga mawe kutwa, jenereta linanguruma, mtu anamwita mwenzie kwa mikono. Gemu ya sikio kama ile ya Nintendo itakufa pale. Lakini simu ina kitu ambacho lile gitaa la DS halikuwa nacho: inatetemeka. Pigo linaweza kuingia kupitia kiganja. Shida ni kwamba mota ya mtetemo kwenye simu za bei ya chini ni mvivu, inachukua muda kuamka, kwa hiyo uiamuru mapema kidogo kabla ya pigo lenyewe. Hayo mambo madogo ndiyo yanayotenganisha gemu inayobamba na gemu inayofutwa jioni ileile ili nafasi ya picha ipatikane.

Najua kuna mtu anasema, haya bana, hela za studio tutazitoa duara gani? Sikia. Mwaka 2020 wana wachache walitengeneza Friday Night Funkin' kwenye mashindano ya kutengeneza gemu kwa siku chache. Mishale minne, jamaa anachana na baba wa demu wake, basi. Kodi yake wakaiweka wazi, na mashabiki duniani kote wakaanza kubandika nyimbo zao na wahusika wao, wengine wakaihamishia kwenye simu bila kuombwa. Njia ya kuanzia iko pale. Kompyuta ya kuazima, mwana mmoja anayeelewa kodi kidogo, mwingine anayechora, na mmoja muhimu kuliko wote: anayejua ngoma. Kama Nintendo walipeleka watu wao darasa la dansi, na wewe mpeleke fundi wako wa kompyuta akashike jembe siku moja na kikundi. Atarudi na malengelenge mikononi na biti kichwani.

Halafu kuna ishu ya mpunga, na hapa sitanii. Ngoma za vikundi hivi hazijaangushwa na mvua. Zina manju aliyetunga, zina wapigaji, zina watu waliofanya mazoezi. Mtaani tumezoea kurekodi kwa simu, kubandika YouTube na kuvuna. Kama unaingiza sauti ya kikundi kwenye gemu, kaa nao chini, andikishaneni, ulizeni COSOTA kuhusu hakimiliki kabla gemu haijatoka, na gawio la manju liandikwe kwa shilingi, sio kwa soda. Tena wao ndio watakaokwambia kama gemu yako inadanganya. Manju akicheza mara moja akakurudishia simu bila kusema neno, rudi mezani ukafumue upya.

Kwa hiyo wewe dogo wa Kahama, wewe wa Katoro, wewe mwanachuo wa Shinyanga unayeshinda unatengeneza jezi za PES usiku kucha: ufundi unao tayari. Fungua Patapon wiki hii uicheze kwa hedifoni za waya. Kisha Juni ukiingia nenda kwenye mashindano, usisimame upande wowote, hesabu watu wanahama mara ngapi na wanahama manju akifanya nini. Uandike. Hiyo ndiyo kanuni ya gemu yako, na wenye studio za Tokyo hawana.